Nidhamu Isiyokata Somo



Wazazi na walimu wenzangu, Muawiya bin al-Hakam, radhi za Allah zimshukie, alikuwa mgeni katika Uislamu. Siku moja akiswali nyuma ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, mtu mmoja alipiga chafya, naye Muawiya akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkazia macho. Alipozidi kusema, wakapiga mapaja yao ili anyamaze. Mtume alipomaliza swala ndipo alipomfahamisha kwamba maneno ya watu hayafai ndani yake. Hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Muawiya mwenyewe ndiye msimulizi wa hadithi hii iliyomo katika Sahihi Muslim, na alikiri kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko yeye.

Kosa lilisahihishwa, na swala ya jamaa haikuvurugwa. Darasani mara nyingi sisi hufanya kinyume. Katika kipindi cha dakika 40, mwalimu akisimamisha somo mara tano kwa dakika mbili mbili, robo ya kipindi imekwenda, na waliodhulumiwa ni watoto waliotulia.

Nami niliwahi kukosea. Nikisomesha chuoni, nilimsimamisha kijana mmoja mbele ya wenzake, nikamsema hadi wakamcheka. Kunyamaza alinyamaza, juma lililofuata hakurudi. Nilipokwenda kwao, mama yake aliniambia, "Mwalimu, asema hatasoma mahali anapochekwa."

Tangu hapo nimeshika njia za kimya. Anayenong'ona, msogelee huku ukiendelea kusomesha. Anayechezachea kalamu, mpe yeye zamu ya kusoma. Anayesinzia, mtume alete chaki. Lililobaki lingoje wenzake watoke, mzungumze wawili, bila ya mashahidi wa kumcheka. Fimbo haina nafasi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi.

Nasi wazazi tuna fungu letu. Mtoto ambaye nyumbani haitiki ila apigiwe kelele, sauti ya upole ya mwalimu haitamfikia. Juma hili tujaribu jambo moja: tukitaka kumkanya, tumwendee karibu, tumwite jina lake, tuseme naye kwa sauti ya chini.

Allah atujaalie upole katika malezi, na watoto wetu awafanye kitulizo cha macho yetu. Amin.