Kukonda kwa mizani ya nani?

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa Muleba kwa shangazi yangu. Ana sukari, ana presha, na nesi kamwambia apunguze uzito. Nikamsimulia puto linalowekwa tumboni kule Mloganzila, Dar, na upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Akacheka. "Mwanangu, nikikonda hapa si watasema nimepata ule ugonjwa?" Jamani, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika Kagera hii hii mwaka 1983. Waliozika miaka ile bado wanamkagua mtu mashavu kwanza.

Ndani ya Hiace ya kurudi Bukoba nikakumbuka tafiti za Marekani zinazosema watu weusi hupungua kidogo kuliko Wazungu baada ya upasuaji huo. Sawa, lakini walipima vipi? Kwa miaka mingi madaktari walihesabu asilimia ya uzito wa ziada uliopotea, na huo uzito "unaotakiwa" mara nyingi waliutoa kwenye jedwali la mwaka 1983 la kampuni ya bima ya Metropolitan Life, yaani kwa wateja wa bima wa kwao. Ukipoteza nusu ya ziada, umefaulu.

Sasa piga hesabu. Wawili wanatakiwa kuwa na kilo 70. Wa kwanza ana 120, anapoteza 30: asilimia 60 ya ziada, kafaulu. Wa pili ana 160, anapoteza 40: asilimia 44, kafeli! Na wote wamepoteza robo ya uzito wao. Kule Marekani, wagonjwa weusi mara nyingi ndio wanaoanza na kilo nyingi zaidi. Muulize mkulima yeyote wa kahawa wa huku kuhusu mizani, atakuelewa haraka kuliko profesa.

Tusidanganyane, pengo lote haliishi kwenye kalamu. Ukipima kwa uzito wote, tafiti kadhaa bado zinalionyesha, ila dogo.

Kwa hiyo hospitali zetu zikitoa takwimu, nataka kuona kilo za kuanzia, asilimia ya uzito wote, na idadi ya walioacha kurudi kliniki. Mtu wa Muleba akishindwa nauli ya Dar, anatoka kwenye hesabu kimya kimya, na wastani unapendeza.

Shangazi mwenyewe aliuliza kitu kimoja tu, kama sukari itashuka. Kilo hakuziulizia.