Ahadi ni deni, lakini mdaiwa naye ni mtu

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana anayepiga kinanda katika kwaya yetu alinifuata sakristia. Haoni tangu utotoni. Alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba," nikaitikia, kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa katika miaka yangu yote ya upadri: "Baba, ni dhambi kumwita mwizi mtu aliyeniuzia mchezo?"

Nilidhani anazungumzia tiketi ya mpira. Akacheka, akatoa kompyuta mpakato kwenye begi, akanivalisha eafoni. Kwenye kioo hapakuwa na picha yoyote. Lakini masikioni nilisikia hatua zangu mwenyewe zikikanyaga changarawe, maji yakitiririka upande wa kushoto, mlango ukilia kwa mbali kulia, na nyuma yangu pumzi za mnyama nisiyemjua. Nilitakiwa kuufikia ule mlango. Nilikufa mara tatu kabla ya kuufikia. Kijana wangu, aliyezoea kuishi kwa kusikia, alifika mara ya kwanza bila hata kuharakisha.

Hii huitwa michezo ya sauti. Hutengenezwa kwa ajili ya wasioona, ingawa hata anayeona anaweza kuicheza. Huko Japani, mwaka 1997, Kenji Eno alitoa mchezo wa namna hiyo uitwao Real Sound: Kaze no Regret baada ya kukutana na watu wasioona waliokuwa wakijaribu kucheza michezo yake ya picha kwa kufuata sauti tu. Alikubaliana na kampuni ya Sega kwamba wasioona wapewe mashine 1,000, na yeye akatoa nakala 1,000 za mchezo. Lakini michezo mingi ya aina hii haitoki kwenye kampuni kubwa. Hutengenezwa na mtu mmoja au wawili, nyumbani, usiku, baada ya kazi nyingine inayowalipia kodi ya nyumba. Wengi wao hawaoni wenyewe.

Mtu huyo mmoja ndiye anayetunga hadithi, anayeandika programu, anayetafuta sauti ya mvua na sauti ya upanga, anayepokea malipo na anayejibu barua pepe za wateja. Mfumo wa kompyuta ukibadilika, na mchezo ukaacha kuelewana na programu inayomsomea asiyeona maandishi ya kwenye kioo, analaumiwa yeye. Wateja wake ni wachache, kwa hiyo fedha ni kidogo. Na kwa kuwa michezo ni michache, kila mteja anamtegemea sana. Anayeona akichoshwa na mchezo mmoja ana maelfu mengine ya kuchagua. Asiyeona hana wingi huo.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Mtengenezaji wa mchezo ule, mtu wa nchi ya mbali, alitangaza sehemu ya pili na akaanza kupokea malipo kabla haijakamilika. Kijana akajinyima. Fedha alizopata kwa kupiga kinanda kwenye harusi mbili akazituma huko. Ukapita mwaka, na miezi sita juu yake. Ikaja barua fupi kwa wateja wote: nimechoka, naomba mnivumilie. Kisha kimya. Kijana akaandika kwa hasira, akamwita mwizi anayekula jasho la vipofu. Baada ya siku chache akajibiwa. Yule mtu alisema naye haoni, mchana anajibu simu za wateja kwenye kampuni, usiku anatengeneza mchezo, na kwa miezi mingi kila akiifungua kompyuta mikono inatetemeka. Akamaliza kwa neno moja: samahani.

"Tangu siku hiyo, Baba," kijana akaniambia, "hata kinanda nakipiga kwa shida." Ameniruhusu niandike habari hii, mradi nisitaje jina.

Ndugu msomaji, ni rahisi kumhukumu mmoja kati ya hawa wawili. Tukisimama upande wa mteja tutasema ahadi ni deni, na tutakuwa tumesema kweli. Tukisimama upande wa fundi tutasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani anayeutazama kwa mbali huona ni mwepesi kwa sababu hajaubeba. Hilo nalo ni kweli. Neno la Mungu halituruhusu kuchagua moja na kulitupa lingine.

Fungua Kitabu cha Walawi, sura ya 19. Katika aya ya 13 Mungu anakataza kumdhulumu jirani, na anaagiza ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi. Katika aya ya 14, mara tu baada ya hapo, anakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Nimezisoma aya hizo tangu seminari bila kuona kwamba ni majirani. Anayefanya kazi na asiyeona wamewekwa pamoja chini ya ulinzi wa Mungu yuleyule. Fundi aliyepokea fedha ya asiyeona kisha akatoweka amemwekea kikwazo njiani. Mteja aliyelipa dola chache kisha akadai usiku, usingizi na afya ya fundi, anadai kitu ambacho hakukinunua.

Uchovu wa namna hii si uvivu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu wahudumu wa kliniki ya bure huko New York, watu waliokuja kusaidia kwa moyo, ambao baada ya muda waliishiwa nguvu, wakawa wakali, wakaona kazi yao haina maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hiyo si ugonjwa, bali hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Tazama ni akina nani waliochoka kwenye kliniki ile: ni wenye moyo. Mtu asiyejali wateja wake hana cha kumtetemesha mikono.

Naandika haya nikijijua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko wa parokia yenye vigango kumi na kimoja. Kigango cha mbali kabisa niliwaahidi Misa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Miezi minne nilitimiza. Mwezi wa tano niliamka sina nguvu hata ya kuvaa viatu. Sikuwa na homa. Nilizima simu nikalala. Mwezi wa sita nikafanya vilevile, na safari hiyo hata katekista sikumtumia neno.

Nilipokwenda hatimaye, nilijiandaa kueleza jinsi nilivyochoka. Mama mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Baba, kuchoka tunakujua, sisi ni wakulima. Lakini Jumapili ile tulimbeba mzee wetu kwa kitanda toka ng'ambo ya mto apate Mpako wa Wagonjwa. Tulikusubiri mpaka jua likawa la utosi. Ungetuambia, tungemwacha apumzike."

Sikuwa na jibu. Mwili wangu ulikuwa na haki ya kulala, na mama yule hakuikana haki hiyo. Kosa langu lilikuwa ukimya, na waliolipia ukimya huo ni wanne waliobeba kitanda na mmoja aliyelala juu yake.

Kwa hiyo, kwa wanaotengeneza michezo hii, na kwa kila anayeishi kwa ufundi wake, nasema: toeni taarifa mapema, kabla aibu haijawaziba mdomo. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Katika gharama hizo mhesabu na usiku wenu. Msipokee fedha za kazi ambayo haijakamilika, na kama mmeipokea na kazi imewashinda, rudisheni, hata kwa awamu, ilimradi mwenye fedha ajue. Msiuze kitu ambacho siku mkilala kitakufa pamoja nanyi. Ipo michezo ambayo mnunuzi hupewa ufunguo wa maneno na tarakimu, na asipoupata tena kutoka kwa mtengenezaji, akibadilisha kompyuta mchezo haufunguki. Anayeamua kuacha, afungue mlango kwanza ndipo aondoke, au akabidhi kazi kwa mwingine.

Na kwa wateja: dai haki yako, lakini dai kama unayezungumza na mtu mwenye usingizi na njaa. Uliza kabla ya kushutumu. Asiyejibu barua yako huenda amekimbia na fedha, na huenda pia amekaa gizani mbele ya kompyuta asijue aanzie wapi. Kabla hujajua ni yupi kati ya hao, neno "mwizi" lizuie.

Nabii Eliya alifika hapo. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, kinamwonyesha akiwa chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumkumbusha ahadi zake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Baada ya safari ya siku 40 hadi Horebu, Mungu alimrudisha kazini, maana kazi ilikuwa bado ipo na watu walikuwa bado wanasubiri. Ila hakumrudisha peke yake, alimpa Elisha. Wengi wetu tunapenda nusu moja tu ya habari hii. Waliochoka wanapenda mkate na usingizi. Wanaosubiri wanapenda kurudi kazini. Mungu alifanya yote mawili, akaongeza na msaidizi.

Nilimjibu kijana wangu kwamba ndiyo, kumwita mtu mwizi bila kujua ni dhambi, na kwamba kudai fedha yake si dhambi. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniomba nikae karibu amwandikie tena. Alimwomba radhi kwa neno lile. Akamwambia fedha anaweza kuirudisha polepole. Mwishoni akaongeza jambo ambalo sikumfundisha: kwamba yeye ana masikio mazuri na kinanda, na kama zinahitajika sauti za muziki kwa ile sehemu ya pili, yuko tayari kuzirekodi.

Hadi naandika makala hii hajajibiwa. Leo atapiga kinanda kwenye Misa ya pili. Wewe nawe, kabla jua halijatua, yupo mtu anayekusubiri na hujamwambia kwamba umechoka. Yupo pia uliyemwita mwizi. Mpigie simu mmojawapo.

Nawatakia Dominika njema.