Gia Moja Isiokotwe Kwenye Giaboksi Nyingine

Barabara ya Taifa namba 2, itokayo Goma kwenda Rutshuru, hupanda zaidi ya mita 200 kabla ya kufika Kibumba, katika safari isiyozidi kilomita 30. Gari likirudi limesheheni kabichi na viazi, mzigo huo hushikwa na injini kupitia gia, maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Kwa hiyo nasema wazi: kuitengeneza giaboksi ya Land Cruiser ya zamani kwa gia mojamoja za toleo jingine ni kuhatarisha watu. Kubadilisha giaboksi nzima ni jambo tofauti, na ninaliunga mkono.

Kinachowaponza wengi ni kufanana. Giaboksi za H41 na H42, zote za gia nne, kwa nje ni kama pacha. Lakini gia ya kwanza ya H41 ina uwiano wa 4.925, ya H42 ni 3.555. Mengine yakiwa sawa, kwa mwendo uleule injini yenye H41 huzunguka takriban asilimia 38 zaidi, na hivyo hulizuia gari zaidi kwenye mteremko. Uwiano huo hauzaliwi na gia moja. Shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi huizungusha shafti ya chini, nayo ndiyo inayozizungusha gia nyingine; jozi hiyo ya mwanzo imekatwa meno kwa hesabu moja na mlalo mmoja. Ukibadilisha upande mmoja tu, meno hayalaliani sawasawa, yanasagana. Na gia ya nne huificha kasoro hiyo, kwa sababu hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuitwisha shafti ya chini mzigo. Gari likijaribiwa kwenye tambarare litaonekana limepona. Ugonjwa utajitokeza mlimani.

Nitaambiwa spea ni ghali, na kwamba Kivu Kaskazini vita hufunga njia. Hata lava ya Nyiragongo iliikata barabara hiihii Mei 2021. Ni kweli, na ustadi wa mafundi wetu umeokoa magari mengi. Lakini sidai kila kipuri kiwe kipya. Beringi au sili yenye vipimo na namba ileile itoke popote, na gia zitolewe pamoja na gia wenza zilizozoeana nazo. Hata H55F ya gia tano huingia kwenye Land Cruiser ya toleo la 40, ila ni ndefu zaidi, hivyo propela shafti hurekebishwa na diski ya klachi hulinganishwa na meno ya shafti. Kazi hiyo hupimika gari likiwa bado gereji. Wanaosema gari lililochanganywa gia limetembea mwaka mzima wakumbuke kwamba ugumu wa jino uko juujuu. Ngozi hiyo ikiisha, jino huliwa haraka.

Mwenye gari, kabla ya kulipa, omba uonyeshwe gia iliyotolewa na iliyotiwa, mhesabu meno pamoja na fundi. Yakitofautiana hata kwa moja, na gia mwenzake haikubadilishwa, usilipakie mzigo Kibumba.