Mistari ya mama

Jamani, kliniki yetu hapa kambini siku hizi inatuma tarehe ya dawa kwa meseji tu. Simu ya mama inaweza kulala siku tatu bila chaji. Mara mbili amefika siku imepita, akaambiwa rudi wiki ijayo. Presha inangoja nani?

Sasa anachora mistari ya makaa mlangoni, kila siku mmoja. Nilicheka, kisha nikakumbuka mfupa wa Ishango, ule wa kwetu kando ya Ziwa Edward. Una miaka kama 20,000, alama zimechongwa kwa mafungu, na wataalamu bado wanabishana zilihesabu nini. (Wenyewe uko Brussels, lakini hiyo siku nyingine.)

Mimi naomba watuandikie tarehe kwenye karatasi pia. Kalamu ni bei gani? Juzi mama alifikisha mstari wa 28, akaenda, akapata dawa. Meseji tuliiona kesho yake, tulipopata chaji.