Meseji za matapeli na afya ya bibi au babu unayemlea

Kama unaishi na mama mkwe, bibi au babu mwenye simu, huenda ameshapokea meseji kama hii: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Haina salamu wala haitaji kiasi. Wewe unaicheka na kuifuta. Mzee aliyekuwa anajiandaa kumlipa fundi au mwenye shamba siku hiyohiyo haichekelei.

Hivyo ndivyo utapeli huu unavyofanya kazi. Tapeli hamfahamu mzee wako. Anatuma kwa namba nyingi na kusubiri iangukie kwa mtu mwenye deni la kweli. Maneno "jina litakuja la fulani" yamewekwa kwa makusudi: kabla ya kuingiza namba ya siri, simu huonyesha jina la anayepokea, na hapo ndipo mtu angeshtuka. Tapeli ameshaondoa mshtuko huo mapema.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutoa takwimu za majaribio ya utapeli kila robo mwaka, na mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa mara kwa mara miongoni mwa inayoongoza. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na wengi tulidhani mchezo umeisha. Haujaisha, kwa sababu tapeli hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyo ni mzee. Kijana wa kusajili laini anamwambia, "Bibi, kidole hakijasoma, weka tena," na bibi mwenye vidole vilivyochakaa kwa jembe anaweka tena na tena. Huenda mara ya pili ilikuwa laini ya pili.

Kwa hiyo jambo la kufanya leo jioni ni hili: chukua simu ya mzee, mbele yake na kwa ruhusa yake, piga *106# na angalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukiona usiyoitambua, nendeni pamoja kwenye duka la mtandao husika, naye abebe kitambulisho cha NIDA, ili ifutwe. Akienda kusajili laini mjini, iwe sokoni Mlandege au stendi, asiende peke yake.

Utapeli unaoumiza zaidi ni wa kupiga simu. "Mimi mwalimu wa mjukuu wako, amezidiwa, tuko hospitali, daktari anataka hela sasa hivi." Hapa hata mtu mzima mwenye akili timamu hutetereka, kwa kuwa hofu haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Mzee asiyesikia vizuri naye huona aibu kuomba arudiwe, basi huitikia tu. Kubalianeni nyumbani kwamba hakuna hela inayotumwa ya ugonjwa kabla hajakupigia wewe, au jirani mmoja mnayemwamini, kwa namba iliyo tayari kwenye simu. Mwandikie namba hizo kwa herufi kubwa ukutani. Mtu akijitambulisha kuwa wa kampuni ya simu, namba yao ni 100; anayepiga kwa namba ya kawaida akatwe. Miezi ya baada ya mavuno, wazee wakiwa na hela ya mahindi kwenye simu, mkumbushe tena.

Ikiwa hela imeshaondoka, pigeni 100 mara moja, kwa sababu ikiwa haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Meseji ya tapeli itumeni kwenda 15040 pamoja na namba yake, kisha mwende polisi mpate RB.

Halafu mwangalie mzee mwenyewe. Wengi huficha, kwa kuogopa kuambiwa wamezeeka vibaya au kunyang'anywa simu. Kama ghafla hali vizuri, halali, hataki kushika simu, au dawa za presha zimeisha na hajanunua nyingine, muulize kwa upole. Tafadhali usimfokee: mzee aliyefokewa mara ya kwanza hatakuambia mara ya pili, na tapeli aliyefanikiwa hurudi. Mpeleke apimwe presha, hasa kama analalamika kichwa au kifua.

Kuna dalili moja isiyopaswa kupuuzwa. Mzee aliyekuwa hodari wa hesabu zake akianza kutapeliwa mara kwa mara, kulipa deni moja mara mbili au kusahau namba ya siri aliyoitumia miaka mingi, huenda ni mwanzo wa dimensia, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu. Eleza hivyohivyo kwa daktari, kwa mifano, usiseme tu "anasahau". Wakati mkisubiri majibu, hela nyingi zisikae kwenye simu yake. Aachiwe ya matumizi ya wiki.