Kamarade, usifiche mguu

Kamarade wa kazi, na nyinyi mamama munaotungojea nyumbani, leo ninajishitaki miye mwenyewe mbele yenu.

Munanijua kama delege wa sendika. Kila mkutano ninasema: mutu akiumia, aende dispanseri siku ile ile, aandikishwe. Lakini miaka miwili nzima miye nilikuwa ninaficha mguu wangu. Haukuumia karyeri, uliumia kwa mbio. Niko na miaka 44, ninakimbia kilomita 10 pamoja na maveterani, na ninapenda kushinda. Wengi wenu munakimbia pia. Tunakutana barabarani mbele ya jua kutoka, wakati makamio hayajaamsha vumbi. Kwa nyinyi njo ninaandika.

Kinachoniuma ni ule mshipa mkubwa nyuma ya kisigino, banganga wanauita tendon d'Achille. Mara ya kwanza nilipumzika siku kumi. Maumivu yakaisha, nikarudia mbio kwa nguvu yote, juu mashindano ya mwezi wa tano yalikuwa karibu. Kisha majuma matatu, mguu tena. Nikameza diclofenac, nikakimbia. Nikafika wa pili, watu wakapiga makofi, na kesho yake sikuweza kuvaa bote. Ikawa vile mara nne. Rafiki mmoja alisema ni viatu. Mwingine akasema ni uzee. Jirani akanivuta pembeni: "Yaya, kuna mutu njo anafungaka ule mguu. Hauone vile inarudiaka tu karibu na mashindano?"

Hakuna mutu aliyeufunga. Niliufunga miye. Maumivu kuisha si mshipa kupona. Nyama ya mguu inapata damu nyingi, inapona upesi. Mshipa unapata damu kidogo, unaomba miezi. Kila mara nilirudi ukiwa nusu, nikauvunja upya. Na diclofenac haikutengeneza kitu, ilifunga tu mdomo wa mguu usinionye.

Bibi yangu njo alinivumbua. Asubui nilikuwa ninashuka ngazi ya nyumba kwa upande, ninashika ukuta kama mzee. Akaniambia: "Weye njo unaambiaka batu bajitangaze, na weye unajifichaka?" Sikumjibu.

Juma lile lile, kazini, nilikuwa ninapanda ngazi ya kamio kubwa la karyeri, kle kubwa mkononi, maana miye ni mekanisie. Kisigino kikakataa. Nikashika chuma kwa mkono mmoja, kle ikaanguka. Kijana tunayefanya naye kazi alikuwa amesimama chini yangu. Alikuwa amesogea hatua mbili kuchukua kitambaa. Kle ikapiga pale pale alipotoka. Alicheka, akaniokotea. Yule kijana ana watoto wawili. Miye ule usiku sikulala.

Kwa hiyo ninasema: mguu unaorudia kuuma si shida ya mkimbiaji peke yake. Unaingia naye kazini.

Nilikwenda mwishowe kwa kine wa hopitali. Dawa aliyonipa haiuzwi mahali. Mwaka 1998 munganga mmoja wa Uswidi, Håkan Alfredson, alitangaza matokeo ya watu 15 wa rika yangu, wenye ugonjwa huu wa muda mrefu. Mazoezi yao ni haya: simama kwa ncha ya miguu pembeni ya ngazi, inuka kwa mguu mzima, halafu shuka polepole kwa mguu mgonjwa mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, kwa mafungu matatu, goti likiwa limenyooka; kisha mafungu matatu tena, goti likiwa limekunjwa kidogo. Mara mbili kwa siku, kila siku, majuma 12. Ikiuma kidogo, unaendelea. Ikikuwa rahisi, unaongeza mzigo mgongoni. Miye niliweka unga wa bukari katika saki ya mtoto ya masomo. Wale 15 wote walirudia kukimbia kama zamani.

Lakini si kila mguu ni huu. Kama ni mfupa unaouma mahali pamoja ukiugusa, na hata usiku ukilala, acha mbio, uende wakupige picha. Na kama umesikia kama mutu amekupiga jiwe nyuma ya mguu, na hapo hapo nguvu imekwisha, usingoje kesho: hopitali.

Jambo lingine nililojifunza: mwili hauna madaftari mawili, moja ya kazi na moja ya mbio. Posti ya saa 12 na bote nzito, kupanda na kushuka, yote inaandikwa pale pale na kilomita zako. Mutu anatoka posti ya usiku, hajalala, anakwenda kukimbia kilomita 15. Anafikiri anajenga nguvu, kumbe anaongeza deni. Sasa siku ya posti ya usiku sikimbie. Nikiamka mguu ukiwa mgumu kuliko jana, ninapunguza.

Ninasikia tayari mukinijibu: "Delege, kupumzika ni ya batajiri." Ninaelewa. Mutu anaogopa neno "inapte". Anaogopa kontra yake ya miezi mitatu isiandikwe tena. Ule woga si ujinga, na haufai kuachiwa mutu mmoja mmoja. Ni kazi ya sendika. Kampuni zinapenda kutupatia fulana siku ya mbio na kutupiga picha. Aksanti kwa fulana. Lakini tuombe pia kine mmoja kwa dispanseri, hata siku mbili kwa juma, na posti nyepesi kwa anayepona, bila kugusa mshahara wake. Kode ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa na ajali. Tuanzie pale.

Na shiye tuseme ukweli. Aliyeumia kazini asiseme "niliumia kwa mpira" ili kumfurahisha shefu, juu CNSS njo inachunga ajali za kazi, na ajali isiyoandikwa hailipwi. Aliyeumia kwa mbio asiseme ni karyeri. Tukidanganya, kesho mwenye haki hataaminiwa.

Mwaka huu, mwezi wa tano, sikujiandikisha. Nilikuwa juma la tisa la mazoezi yangu. Nilisimama pa kona, ninagawanya maji. Yule kijana wa kle alikimbia. Alipofika mwisho nikaona anakanyaga kwa pembeni. Nikamuuliza ni mguu gani.

"Hakuna kintu, mukubwa."

Ule uongo ninaujua vizuri. Siku ya kwanza ya juma, mbele ya posti kuanza, nilimpitia nyumbani, tukaenda dispanseri pamoja. Shiye wawili tukaandikishwa.