Usimwambie Asamehe Kabla Hujamsikiliza

Mtu akivamiwa nyumbani usiku, akapigwa na kuibiwa, kesho yake wanaofika mapema ni wanajumuiya. Wanaleta sala, unga na sukari, na mara nyingi wanaleta pia neno moja: samehe. Nia yao ni njema. Lakini neno hilo likitamkwa siku ya pili, jeraha likiwa bado bichi, mwathiriwa husikia kwamba ameambiwa anyamaze. Parokia zetu zina haraka ya msamaha na uvivu wa kusikiliza, na katika hili sheria ya nchi imetutangulia.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa aliyetendewa kosa haki ya kueleza mahakama athari alizopata, mshtakiwa akishapatikana na hatia na kabla adhabu haijatolewa. Maelezo hayo huandikwa. Asiyeweza kuyatoa mwenyewe anaweza kusaidiwa na mtu mwingine, na pale mtu alipouawa, jamaa zake wana nafasi hiyo. Hakuna anayelazimishwa, na mahakama haipaswi kudhani kwamba aliyekaa kimya hakuumia. Mara nyingine maoni ya mwathiriwa huchukuliwa na afisa wa probesheni anapoandaa ripoti yake kwa hakimu. Waulize wazee wa kanisa parokiani kwenu ni wangapi wamewahi kusikia habari hizi.

Kinachosemwa hapo si kisa cha kosa lenyewe. Hicho kilishasimuliwa na mashahidi. Hati ya mashtaka itasema wizi wa mabavu, tarehe fulani, simu moja na shilingi kadhaa. Haitasema kwamba mama huyo sasa anafunga kibanda chake saa kumi na moja jioni, wakati wateja wanaanza kutoka kazini. Haitasema kwamba mtoto wa darasa la nne ameanza tena kukojoa kitandani, wala kwamba Misa ya alfajiri imemshinda mama kwa sababu njia inapita palepale. Mambo madogo haya ndiyo uzito wa kosa, na mkosaji mwenyewe huenda hajawahi kuyafikiria hata siku moja.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, Tamari anabakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja. Hakunyamaza: alijitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia. Absalomu ndiye aliyemtuliza kwa kumwambia anyamaze kwa kuwa mtendaji ni ndugu yake. Daudi alikasirika, basi. Miaka miwili baadaye Absalomu alimuua Amnoni. Sura hii tunaipita haraka katika mahubiri, labda kwa kuwa inafanana mno na vikao vyetu vya kuyamaliza mambo nyumbani.

Wapo wanaosema, na si wajinga, kwamba machozi mahakamani yanapotosha haki. Aliyesoma na kujua kupanga maneno atamgusa hakimu kuliko mkulima anayebabaika. Na kijana wa mtaani aliyeuawa bila jamaa wa kumwandikia, je, maisha yake yana thamani ndogo? Hoja hii ni nzito. Ndiyo maana sheria yetu inaitaka mahakama ipokee maelezo ya jamaa za marehemu, lakini isiyatumie kupima adhabu ila ikiona inafaa. Adhabu ni kazi ya hakimu. Ninachotetea ni kwamba mtu asikike, si kwamba mkosaji aongezewe miaka.

Wengine wanaogopa kwamba kusema hivyo ni kukataa kusamehe. Tumtazame Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, akatangaza msamaha siku chache baadaye akiwa bado hospitalini, na Desemba 1983 akamtembelea Mehmet Ali Ağca gerezani Roma. Hata hivyo Ağca alibaki katika magereza ya Italia hadi mwaka 2000. Msamaha haukufuta kesi. Na Katekisimu, namba 1459, inadai kwamba anayeungama afanye awezalo kurekebisha madhara aliyomtendea jirani. Atayarekebishaje asipoyajua?

Kwa ndugu zangu mafrateri: darasani tunajifunza namna ya kumpokea mwenye dhambi, na ni vyema. Mwenye kidonda tunamwachia huruma zetu za kawaida. Tungeweza kujifunza kukaa na mtu saa nzima bila kumpa ushauri, kumwandikia maneno yake kama alivyoyasema, hata yenye hasira, bila kuyapaka sukari ya kiroho, na kumsindikiza mahakamani siku yake ikifika. Akiamua kutosema, tumheshimu vilevile.

Lipo jambo moja linaloweza kuanza hata wiki hii. Familia za washtakiwa huja ofisini kuomba barua ya paroko ya kushuhudia tabia njema ya kijana wao, na si vibaya kuwaandikia. Ila kabla ya kugonga muhuri, paroko apite kwanza nyumbani kwa yule aliyeumizwa, aketi, amuulize tangu siku ile analalaje.